Masikio ya Mama

Mimi ni mshonaji, na wiki ile nilikuwa nimeshakasirika kabla mgeni hajafika. Wamama wa kikundi cha maombi waliniletea vitenge vyao vyote kwa mpigo, kila mmoja na mtindo wake kichwani, na wote wakitaka nguo Ijumaa. Huyu anataka mikono mipana, yule anataka kola kama ya dada yake aliyeko Karavia, mwingine amenenepa tangu Pasaka na hataki kuambiwa. Nilikuwa nawajibu ndiyo, ndiyo, huku nikiwatukana moyoni.

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya Mama yangu. Kila mwaka kikundi cha parokia yetu, hapa mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, kinamshukuru Mungu kwa siku aliyomfungua Mama masikio. Mwaka huu waliamua iwe kubwa: sare mpya, chakula, padri akae mbele. Katika mtaa wetu Mama anaitwa mama wa muujiza. Watu wenye wagonjwa wanakuja kumgusa mkono. Mimi nimekua nikiwa mtoto wa muujiza, na niwaambie ukweli, si kazi ndogo, maana ukimtukana mtu wa moto, hizi pikipiki za abiria, barabarani, jioni habari zimeshafika kanisani.

Hadithi tuliyokuwa tukiitoa kila mwaka ilikuwa hii. Tulitoka kaskazini, mji mdogo wa reli kando ya mto. Baba alikuwa mtu wa reli kama baba yake. Vita vilipokaribia, wakubwa wake walimpakia kwenye treni ya mwisho kuja kusini. Mama alibaki na mimi kwa sababu bibi alikuwa mahututi na hakuweza kusafirishwa. Baba hatukumwona tena, alikufa huku kwa ugonjwa. Askari wa upande mwingine wakaingia mjini, na siku hiyohiyo bomu likaanguka karibu na stesheni. Mama alitolewa kwenye vumbi damu ikimtoka masikioni. Tangu hapo hakusikia. Alikuwa akisema, ndiyo, lakini kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na ukimjibu hajui kwamba umemjibu.

Kwa hiyo mimi, mtoto wa miaka kama sita, niliacha kumwita. Ya nini? Nilikuwa namvuta kitenge, akigeuka namwonyesha kwa mikono: njaa, maji, tumbo linauma.

Mama alikuwa akipika bukari, yaani ugali wetu, na samaki karibu na stesheni, na wale askari wakawa wateja wake. Walimpenda. Mpishi asiyesikia haulizi, hapeleki maneno. Lakini mmoja wao, mkubwa mwenye cheo, alimshuku. Siku moja adhuhuri, mbele ya soko zima, alinishika nikiwa nyuma ya Mama, akaubana mkono wangu kwenye ukingo wa sufuria iliyokuwa motoni. Wanasema nililia mpaka nikakosa pumzi. Mama aliendelea kusonga bukari. Hakugeuza hata shingo.

Hapo ndipo kila mwaka kiongozi wa kikundi alikuwa akiniita mbele. Nakunja mkono wa nguo, naonyesha kovu, watu wanaguna kwa uchungu. Kisha Mama anamalizia: tukakimbilia Lubumbashi kwa mjomba, tukaanza kuja kwenye maombi, na siku moja katikati ya sala beseni la shaba likaanguka nyuma yake, naye akageuka. Akageuka! Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia kuona. Mimi pia nilikuwepo, na nakumbuka nilivyomkimbilia nikipiga kelele sikioni mwake kila neno nililokuwa nalijua. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku ya arusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Sasa huyo mgeni. Alikuja Jumatano asubuhi, nikiwa nimempelekea Mama nguo yake kwake aijaribu. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kiti kifupi akichambua matembele, mgongo kwa mlango. Mwanamke mwembamba, mwenye umri kama wake, akaingia na furushi la samaki wakavu. Hakubisha hodi. Alijiwekea kidole mdomoni kunionya ninyamaze, akasogea nyuma ya Mama, akasema taratibu sana kwamba bukari inaungua, wee kiziwi.

Mimi nilisimama nimtoe nje. Mtu gani anamtania mgonjwa aliyepona? Lakini Mama alikuwa ameangusha sahani ya matembele. Aligeuka, akamtazama, wakashikana pale chini kwenye majani, wakacheka, wakalia, wakacheka tena mpaka yule mgeni akashika mbavu. Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo. Nilijiona mjinga, nimesimama na nguo mkononi na pini mdomoni.

Mama aliniambia nimwamkie mama mudogo. Nilimwamkia. Jina hilo lilinigusa mahali fulani, ila sikujua wapi. Alikuwa muuza samaki wa mji wetu, rafiki wa Mama, aliyekuwa akinibeba nilipokuwa mdogo. Tuliketi, nikaleta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na mgeni akaanza kukumbusha mambo, kwa furaha kabisa, kama watu wanaokumbuka shule. Siku walivyokwenda kuokota kuni kwenye kona ya reli, wao wawili, mchana kweupe, wakang'oa misumari ya reli kwa ufunguo wa chuma wa kazi aliouacha marehemu Baba. Walivyoirudisha nyumbani ndani ya kikapu, chini ya unga wa muhogo, na mlinzi akaomba apewe unga kidogo, Mama akamchotea juujuu. Treni ndogo ya askari ilivyoanguka na risasi zao zote kesho yake. Na jinsi Mama alivyokuwa akisikiliza mezani maneno yote ya wakubwa, nani anakwenda wapi na lini, halafu akimwambia yeye mtoni wakifua nguo, naye akivuka na samaki kwenda kuyasema kwa watu wetu.

Nikauliza akisikiliza vipi, kiziwi anasikiliza vipi.

Mgeni alimtazama Mama, akaweka kikombe chini, akamwita yaya, dada mkubwa. "Yaya, haukumuambia mutoto?"

Mama alianza kuokota matembele. Ebu fikirieni, mwanamke mzima, kichwa cha mvi, anaokota jani mojamoja ili asinitazame.

Basi, kilichomleta mgeni nitakisema kama alivyokisema, maana ndicho kilichotuchoma sote. Kule nyumbani wanamwita mke wa adui. Soko zima lilimwona akiondoka na yule mkubwa wa askari, wamekamatana mikono, akicheka, na alikaa naye mpaka wale watu wanaondoka. Kwamba alikuwa akikusanya maneno, nani atamwamini? Wale aliokuwa akiwapelekea habari wamekufa, wote. Hakai na wanawake wenzake kwenye matanga. Anapangiwa nyuma, karibu na choo. Sasa binti yake wa mwisho amepata mchumba, na familia ya mvulana imerudi nyuma: hatuoi kwa mke wa adui. Wazee wamempa nafasi moja. Alete mtu aliyeyajua mambo yale, aseme kwa kinywa chake, hata kama ni sauti kwenye simu. Jumatatu lori lake linarudi. Mtu aliyebaki ni mmoja tu, na mtu huyo ni Mama.

"Yaya, miye siombi kingine," alisema. "Useme tu ulikuwa unasikia."

Mama alijibu kwamba atafikiri. Jamani! Nilikuwa sijaelewa chochote, lakini hata mimi niliona kwamba jibu lile lilikuwa baya. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu, akasema sawa, akaenda kwa ndugu zake alikofikia.

Nilimwelewa Mama pia, na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Sauti ikishaingia kwenye simu haina mlango wa kuizuia. Leo kaskazini, kesho parokia yote inayo. Na wale wagonjwa wanaokuja kumshika mkono, je? Yule jirani ambaye mtoto wake haongei, aliyekuja kila Jumanne mwaka mzima? Mama akisema alikuwa anasikia, beseni lile linakuwa beseni tu.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza Mama swali moja. Sikuuliza la reli wala la askari. "Mama, siku ile ya sufuria, mulinisikia?"

Aliniambia nguo inambana kwapani, niipanue.

Nilichukua nguo, nikapanda moto mpaka kwangu, mtaa wa Annexe, bila kuaga, na njia nzima nilikuwa nalia ndani ya vumbi, dereva akidhani nimefiwa. Sikujua nalia kwa ajili gani. Kama mama yako ni shujaa, unalia kwa nini? Kama amekudanganya tangu utoto, mbona moyo unataka kujivuna? Nilikaa kwenye mashine nikashona mikono miwili ya kulia kwenye nguo ya mke wa katekista. Niliifumua, nikashona miwili ya kushoto. Mume wangu aliuliza kuna nini, nikamjibu kwamba mama yangu si kiziwi. Akasema anajua, alipona. Nikamwambia anyamaze.

Nilikuwa nawaza mambo ya kijinga. Kwa mfano, siku alizokuwa akiniogesha na mimi nikimwimbia nyimbo za matusi nilizofundishwa na watoto wa soko, kwa kuwa hasikii. Alikuwa akisikia zote! Nilicheka peke yangu, halafu nikakumbuka usiku niliokuwa nikimwambia mgongoni kwamba naogopa, namtaka Baba, na yeye amelala kimya. Kicheko kikaisha. Nilimchukia, kweli nilimchukia, na papo hapo nikawa nataka kumpigia simu kumuuliza kama amekula.

Ijumaa nilirudi na nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini Mama mwenyewe ndiye alianza, akivaa, kichwa kikiwa ndani ya kitenge. Alisema uziwi ulikuwa wa kweli mwanzoni. Baada ya bomu alisikia mluzi tu, siku nyingi. Halafu asubuhi moja, akiwahudumia askari, akasikia kijiko kikigonga sahani. Kisha sauti za watu, kwa mbali, kisha zote. Alitaka kupiga kelele kwa furaha. Lakini pale mezani walikuwa wanazungumzia kijiji cha kaka yake, watakavyokizingira. Akafunga mdomo, akaongeza mchuzi. Kutoka siku ile hakuweza kuwa na masikio tena.

Nilimuuliza basi ni nani aliyemponya.

"Ni Mungu," alisema. "Lakini kule. Si hapa."

Na hapa? Hapa alikuwa amechoka. Alipofika Lubumbashi aliendelea kwa sababu mji ulikuwa umejaa watu wa kaskazini, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la kando, na hakujua nani alikuwa wa nani. Siku ya beseni alijisahau tu. Aligeuka kama mtu yeyote anavyogeuka. Kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshabebwa juu, na mimi nikimpigia kelele sikioni, na akaona ni njia rahisi ya kurudishiwa masikio yake. Alifikiri watasahau baada ya wiki mbili.

Nilimwambia kwamba hawakusahau, na kwamba kila mwaka walikuwa wanaukunja mkono wangu wa nguo kuwa ushahidi wa uongo. Sauti yangu ilipanda. Nikamuuliza tena kama alinisikia siku ile, naye akajitazama kwenye kioo, akasema sasa nguo imekaa vizuri. Eh, mwanamke huyu! Nilitaka kuichana nguo ile ikiwa mwilini mwake.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Sare zangu zilipendeza, hilo nalo niliseme, hata ile ya mke wa katekista. Mama mudogo alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango; nadhani ameshazoea kukaa nyuma. Simu yake ilikuwa magotini. Aliinua uso nilipopita, akanitabasamia, na sikujua nimtazame namna gani.

Nyimbo ziliimbwa, padri alibariki, kiongozi wa kikundi akampa Mama kipaza sauti. Kila mtu alikuwa anajua maneno yatakayofuata. Watoto wangeweza kuyatamka naye. Mama alisimama, akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, polepole.

"Bandugu, siku ile ya beseni sikukuwa kiziwi. Nilikuwa nasikia tangu zamani."

Watu wakajibu amina. Kwa mazoea tu! Ilibidi aseme tena. Akasema alikuwa akisikia tangu kule, kwamba ilikuwa kazi ya vita, kwamba hakuwa peke yake, na kwamba mwenzake yuko hapahapa ukumbini na huko nyumbani wanamtukana bure. Minong'ono ikaanza kupanda. Jirani yetu mwenye mtoto asiyeongea alikuwa anatazama tu, mikono juu ya kichwa cha mtoto wake, na sikuweza kumwangalia.

Kiongozi wetu si mtu mbaya. Alimnyang'anya Mama kipaza sauti kwa upole, akawaambia watu kwamba mama yetu amechoka, amezeeka, na kwamba shetani anapenda sana kuiba ushuhuda siku ya shukrani. Wamama wakasimama kumwekea mikono. Wengine walishaanza kukemea. Mama alikuwa katikati yao akisema hapana, hapana, na sauti yake haikusikika tena. Nyuma, mama mudogo alikuwa ameishusha simu na anakusanya furushi lake.

Ndipo kiongozi akaniita. Akasema mtoto yupo, shahidi yupo, kovu liko. Wamama wakanisukuma mpaka mbele, nyuma ya Mama, aliyekuwa ameelekezwa kwa watu.

"Mwambie kanisa," kiongozi aliniambia. "Mama yako siku ile alikuwa anasikia ao hapana?"

Nilishika kipaza sauti. Nikisema hakuwa anasikia, sikukuu inaendelea, wali unaliwa, na yule mwanamke mlangoni anarudi kaskazini kuwa mke wa adui mpaka kaburini, na binti yake pamoja naye. Nikisema alikuwa anasikia, natangaza mbele ya parokia nzima kwamba mama yangu alinisikia nikiungua na akaendelea kusonga bukari. Na ukweli wa Mungu ni kwamba sikujua! Nilikuwa na kovu tu. Kilio chenyewe sikukikumbuka, maneno sikuyakumbuka. Nakumbuka moto, na mgongo wa Mama, na kwamba baadaye mkono wa yule askari uliniachia, sijui kwa nini.

Hasira yangu yote ya wiki ilinipanda. Sikuwajibu watu. Niliongea na ule mgongo.

"Mama. Siku ile nilikuwa nalia nikisema nini? Kama mulisikia, museme."

Wamama waliondoa mikono yao kwake mmoja mmoja. Mama mudogo alisimama pale mlangoni, furushi kifuani, na simu akaiinua tena. Mama hakugeuka kunitazama. Nilisogeza kipaza sauti karibu na bega lake, na alianza kusema kwa sauti ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Haukuniita miye. Ulikuwa unajua sisikii. Uliita mama mudogo, mama mudogo, mpaka sauti ikakatika. Na alikuya. Akamushika yule askari mukono, akamuchekesha, akamuambia aache mutoto, baende bakunywe. Akaenda naye. Soko yote iliona. Ndio siku balianza kumuita muke wa adui."

Kule mlangoni, mama mudogo alikuwa bado ameinua simu.

"Miye nilikuwa nasonga bukari, namuomba Mungu usiniite," alisema. "Ungesema mama, mara moja tu, ningegeuka."